Maswali ya Wafugaji: Farasi aliyeota manyoya katikati ya kaskazi

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi, Matondoni na Shela. Anayejibu ni afisa mstaafu wa afya ya mifugo, mkazi wa Langoni, Lamu.

SWALI

Assalaam alaikum, daktari. Mimi ni kijana wa Malindi, kazi yangu kupandisha wageni farasi ufukweni. Ninaye farasi jike, Almasi, wa miaka 22, aliyekuwa wa mbio Nairobi kabla ya kuletwa pwani. Tangu mwaka jana manyoya yake yamerefuka, yanajikunja tumboni, chini ya taya na miguuni, wala hayapukutiki. Hutoka jasho hata akisimama kivulini. Mgongo umebonyea, mbavu zahesabika, lakini tumbo limeshuka kana kwamba ana mimba. Maji anakunywa mpaka naogopa, na banda halikauki kwa mkojo. Mara mbili ametunga usaha kwatoni. Mtaalamu mmoja aliniambia ni uzee tu, nimwongeze chakula. Nampa pumba za mahindi zilizochanganywa na molasi, chapati zinazobaki hotelini, na maembe msimu wake. Azidi kukonda. Nimempima kwa kamba: mzunguko wa kifua sentimita 180, urefu toka bega hadi tako sentimita 165. Tajiri wangu asema tumuuze. Huu ni ugonjwa gani, na una dawa?
— Mchunga farasi, Malindi

JIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana uliyoyaandika ndiyo niliyoyaona kwa punda wangu Zeituni nikayapita, na kuyapita kwangu kulimtesa. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Wewe umeona mengi, na umeyaona mapema kuliko mimi.

Uzee hauoteshi manyoya. Uzee huleta mvi juu ya macho, huchakaza meno, hukaza viungo. Farasi wa nchi za baridi hufuga manyoya majira ya baridi yakikaribia, kisha huyapukutisha joto likirudi. Huyo wako yuko Malindi, nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, ajifunikie baridi gani? Manyoya marefu yanayojikunja na kugoma kutoka, tena kaskazi imepamba moto, ni dalili kubwa kuliko zote ya ugonjwa wa homoni ambao madaktari huuita PPID. Wengi huuita ugonjwa wa Cushing, kwa jina la Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo wa Marekani aliyeeleza ugonjwa unaofanana nao kwa binadamu mwaka 1912. Kufanana si kuwa ndugu, kwani wa binadamu na wa farasi hauanzii mahali pamoja. Nakwambia hivi ili usikubali mtu akupe ushauri wa hospitali ya watu kwa mnyama wako.

Chini ya ubongo pana tezi ndogo iitwayo pituitari. Kwa farasi, sehemu yake ya kati hushikwa hatamu na neva zinazotoa kitu kiitwacho dopamini. Neva hizo zikifa kidogo kidogo kwa miaka, hatamu imekatika. Sehemu ile huvimba na kumwaga homoni kupita kiasi, mojawapo ikiitwa ACTH. Ndiyo asili ya manyoya, jasho, kiu na mkojo. Misuli ya mgongo huyeyuka, na ya tumbo hulegea, ndiyo maana tumbo likashuka wakati mbavu zatokeza. Kinga ya mwili nayo hupungua, na usaha hauishi. Ugonjwa huu hauambukizi, na si wa ajabu: kati ya farasi waliopita miaka 15, hukadiriwa mmoja kwa watano anao. Tatizo ni kwamba wengi wao huambiwa wamezeeka.

Neva zilizokufa hazirudi, kwa hiyo hatutafuti kuponya. Twatafuta kumpa Almasi miaka ya kula, kutembea na kulala bila maumivu, na hiyo yawezekana.

Sasa acha manyoya, tushuke kwenye kwato. Usaha mara mbili ndani ya mwaka mmoja umenitisha kuliko mengine yote uliyoandika. Wengi wa farasi hawa hawafi kwa tezi, wanafia miguuni. Sehemu kubwa yao, wakila sukari na wanga, insulini, homoni inayotawala sukari, hupanda mno katika damu, na insulini hiyo hudhuru nyuzi zinazoshika mfupa wa mguu ndani ya ukuta wa kwato. Hali hiyo huitwa laminaitisi. Nyuzi zikiachia, mfupa hugeuka au huzama, na ukifika mbali waweza kutoboa wayo. Mnyama mwenye maumivu haya hatasema. Husimama miguu ya mbele kaitanguliza, uzito kautupa nyuma kwenye visigino, kama mtu aliyewekwa juu ya makaa akatafuta pa kukanyaga.

Zeituni nilimkuta hivyo alfajiri moja baada ya Maulidi. Mji ulikuwa umejaa wageni, na watoto wa mtaa, kwa mapenzi tu, walimlisha halua na mikate usiku kucha. Nilikuwa nimeona manyoya yake miezi mingi, nimeona mafuta yaliyojaa juu ya macho, nikasema bibi kazeeka. Nilipoweka mkono juu ya kwato nilisikia moto, na mshipa ulikuwa ukipiga kama ngoma. Alikaa wiki sita juu ya mchanga mwororo ndipo akatembea vizuri. Sijamsamehe aliyeona manyoya akanyamaza.

Kwa hiyo, kila asubuhi kabla hujamletea chochote, fanya hivi. Weka viganja juu ya kwato zote nne, usikie ipi ina joto kuliko wenzake. Kisha weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pembeni kulia na pembeni kushoto, utafute mshipa. Kwa farasi mzima mshipa huo ni dhaifu, wakati mwingine hupatikana kwa shida. Siku utakapoupata bila kuutafuta, siku hiyo hapandwi na mtu. Mwongoze atoke mchangani aingie kwenye ardhi ngumu, umgeuze kwa duara ndogo. Akisita, akiinua kichwa, akigeuka kama meli, mrudishe kwenye mchanga mzito, kwato uzitie kwenye maji ya barafu, na uite daktari siku hiyohiyo, si kesho. Dawa ya maumivu aiandike yeye. Usimpe sindano ya steroidi uliyobaki nayo bandani, kwani yaweza kuongeza balaa.

Kwa kuwa ametunga usaha, muulize daktari pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Tundu la kwato kwenye udongo wa zizi ndilo pepopunda ipendalo.

Chakula. Hapa ndipo ulipopotezwa, wala si kosa lako. Ulimwona amekonda, ukaongeza. Lakini kilichoisha mgongoni ni misuli, na misuli hairudi kwa molasi. Pumba za mahindi, molasi, chapati na maembe vyote vinamimina sukari na wanga kwa mnyama ambaye huenda insulini yake imeshapanda. Viondoe, ila si kwa siku moja. Punguza kwa muda wa wiki moja hadi mbili huku ukiongeza nyasi kavu.

Nimepiga hesabu ya vipimo vyako kwa kanuni ya farasi. Kifua mara kifua, mara urefu, gawa kwa 11,880. Yaani 180 mara 180 ni 32,400. Mara 165, gawa kwa 11,880, ni kilo 450. Farasi huyu, kwa kuwa amekonda, apate nyasi kavu za asilimia mbili ya uzito wake, yaani kilo tisa kwa siku, azipate kidogo kidogo mchana na usiku. Usikisie. Chukua ile mizani ya kutundika wanayopimia samaki sokoni, zitie nyasi kwenye wavu, pima. Kabla ya kumpa, ziloweke majini nusu saa hadi saa moja, zimwage maji. Sukari nyingi hutoka na maji yale. Usizilaze majini kwa joto letu hili, zitachacha.

Na ukitaka kumnenepesha, tunacho kitu hapa pwani ambacho watu wa nchi nyingine hukiagiza kwa meli: mashudu ya nazi. Yana mafuta na protini, na sukari yake ni ndogo ukilinganisha na nafaka. Yaloweke mpaka yawe uji mzito, anza na gramu 200 asubuhi na 200 jioni, uongeze taratibu kwa wiki mbili ukiangalia mavi yake. Yanuse kabla ya kununua. Yakinuka ukali wa mafuta yaliyooza, au ukiona ukungu, yaache kwa mwenyewe hata akikupunguzia bei. Jiwe la chumvi lisikose. Maji usimnyime kamwe, hata banda likilowa vipi. Pima tu ndoo za lita 20 anazomaliza kwa siku, uandike. Ukianza dawa, ndoo zile zitakwambia kama inafanya kazi kabla manyoya hayajasema lolote.

Dawa. Ipo moja iliyothibitika, yaitwa pegolaidi. Hufanya kazi ya ile dopamini iliyopotea, ikaishika tezi hatamu tena. Zamani ilitumika kwa binadamu wenye ugonjwa wa Parkinson. Kipimo cha kuanzia ni mikrogramu mbili kwa kila kilo ya mnyama, mara moja kwa siku. Kwa kilo 450 inakaribia miligramu moja, na vidonge huja vya miligramu moja. Lakini usianze kwa kalamu yangu. Mnaniita daktari kwa heshima, nami nawashukuru, ila anayestahili kuandika dawa hii ni daktari wa mifugo aliyemshika mnyama. Atachukua damu apime ACTH, na umwombe apime na insulini kwa safari hiyohiyo. Wengi husahau, na insulini ndiyo habari ya kwato. Asichukue siku ambayo Almasi ana maumivu makali, maana maumivu peke yake hupandisha ACTH. Damu ya ACTH huharibika kwa joto. Iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau na iingie mara moja kwenye kisanduku cha baridi; Malindi ni mji wa wavuvi, barafu haikosi. Isigeuke barafu tu kabla maabara hawajaitenganisha.

Wiki ya kwanza ya dawa farasi wengine hukataa kula. Ukiona hivyo, mpigie daktari. Kwa kawaida husimamisha siku chache, kisha huanza tena na nusu na kupanda polepole. Damu ipimwe tena baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Na ujue tangu leo, ukamweleze na tajiri wako, kwamba kidonge hiki ni cha kila siku maisha yake yote. Anayempa miezi miwili akapumzika mwezi mmoja anapoteza pesa na farasi.

Mengine kwa ufupi. Mnyoe manyoya jioni kukiwa na upepo, kwa mashine ya wanyama au mkasi mpana, naye atapumua. Zeituni siku niliyomnyoa alilala ubavu kwa mara ya kwanza baada ya kaskazi nzima. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane na mtu anayeijua kazi. Meno yatazamwe mara mbili kwa mwaka. Minyoo huwapenda wanyama hawa, kwa hiyo mavi yapimwe maabara, dawa itolewe kwa majibu.

Kupandwa? Kwato zikitulia, mtoto mwepesi, asubuhi au jioni, mwendo wa kutembea. Jua la saa saba, hapana.

Kuhusu kumuuza, mwambie tajiri wako, kwa adabu, maneno haya kutoka kwangu. Farasi wa miaka 22 mwenye manyoya haya atanunuliwa na mtu asiyejua alicho nacho, au anayejua na hajali. Atapewa molasi, atapandwa, ataanguka. Amewalisha miaka yote hii. Kama gharama ya dawa haipo kabisa, lishe, kwato, kunyolewa na macho yako ya kila asubuhi vitampa nafuu kubwa kuliko unavyodhani, na havihitaji duka la dawa. Kaeni pia mkubaliane mapema, siku bado njema, ni dalili gani itawaambia basi: halali, hainuki, hali hata nyasi mbichi, mguu haushikiki. Siku hiyo daktari aitwe amlaze kwa sindano, nawe uwe karibu na kichwa chake. Jambo hili likiachwa mpaka usiku wa maumivu, hakuna anayeamua vizuri.

SWALI

Ami, mimi ni mjane wa Matondoni. Mume wangu aliniachia punda jike mzee, umri wake apata miaka 30. Ana manyoya marefu na shingo imejaa mafuta, ngumu. Jirani aliniambia punda mnene mwenye kwato mbovu afungwe asile, nami nimemfunga siku mbili. Mwenzake niliyekuwa nikimfunga naye tumemuuza wiki iliyopita. Leo nimemwekea majani na hataki, amesimama tu, masikio chini. Nifanye nini?

JIBU

Binti yangu, barua hii nilikujibu kwa simu siku ileile iliponifikia. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine wanaoambiwa maneno kama ya jirani yako.

Punda hafungiwi chakula. Narudia, hafungiwi, hata awe mnene vipi. Punda asiyekula, mwili wake huyavunja mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga ndani ya damu kwa wingi usiozuilika, mpaka damu ikichukuliwa huonekana nyeupe kama imetiwa maziwa. Ini hulemewa, figo hulemewa, na punda aweza kufa kwa siku chache. Kinachowasha moto huo ni njaa, maumivu, au huzuni, na wako alipata vyote. Kutenganishwa na mwenzake si jambo dogo. Punda waliozoeana miaka hushikana kuliko tunavyoshikana sisi, na aliyebaki aweza kuacha kula. Ukilazimika kuuza, uza wote wawili pamoja, au mtafutie mwenzake mwingine kabla.

Punda mzee aliyesimama kimya asiyekula, huyo ni mgonjwa wa dharura. Msisubiri alale, maana kwa tabia yake punda huficha maumivu mpaka yamemshinda. Lamu tuna neema ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, ambao walianza kazi hapa kisiwani mwaka 1987, na wana watu wanaowajua punda hawa. Huko Matondoni, tuma mtoto au piga simu, usimtembeze mwenyewe.

Kuhusu manyoya, punda pia hupata ugonjwa huohuo wa tezi niliomweleza kijana wa Malindi, hasa wakizeeka. Lakini wapo punda wenye manyoya marefu kwa asili, kwa hiyo kwao manyoya peke yake si ushahidi. Apimwe damu, na anayesoma majibu atumie viwango vya punda. ACTH ya punda mzima huwa juu kuliko ya farasi, na wapo waliotiwa dawani bure kwa kupimwa kwa kipimo cha farasi.

Akipona, mpunguze mwili kwa kumbadilishia chakula badala ya kumnyima. Mabua makavu na nyasi zilizokauka ziwe nyingi, mkate na wali wa jana visiwepo, wala asizurure jaani akala maboksi. Na sogi ya mchanga na mawe asibebe tena. Umri wa miaka 30, amekwisha kujenga nyumba za kutosha.

SWALI

Daktari, farasi wetu hapa Shela ameshaanza vidonge hivyo vya pegolaidi. Anayempa ni mke wangu, ambaye ni mjamzito, na huvisaga kwa kinu ili vichanganyike na pumba. Mama naye asema tuache vidonge, tumpe habasoda. Wasemaje?

JIBU

Bwana, kinu hicho kisitumike kwa chakula tena, na mkeo asishike vidonge hivyo tangu leo. Wewe ndiye utakayempa. Pegolaidi haisagwi. Unga wake huingia puani na machoni mwa anayesaga, na dawa hii huathiri homoni za mwanadamu pia. Mama mjamzito au anayenyonyesha hapaswi kuigusa bila glavu, kwani yaweza hata kumkausha maziwa. Kitoe kidonge kwenye ganda lake wakati wa kumpa, si kabla. Kichomeke ndani ya kipande cha tango, au katika nusu tende iliyotolewa kokwa. Nusu tende haimdhuru, ila isiwe mlango wa tende kumi. Msimamie mpaka ameze, maana wengine hutema pembeni na kuku huokota. Joto likipita nyuzi 25 chumbani, na kwetu hupita, vidonge viwekwe mahali pa baridi mbali na mikono ya watoto.

Mama mpe salamu zangu. Habasoda siidharau, nami naitumia nyumbani kwangu. Lakini sijaona ikiishika tezi hii, na farasi aliyeachishwa pegolaidi hurudi alikotoka. Mwambie mama aitie kwenye chai yake, na kidonge kiendelee.